Nta kwa bei ya seramiki

Kigamboni,
Dar es Salaam.
14 Aprili 2025

Kwa Meneja,
Kituo cha Kuosha na Kung'arisha Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

KUH: KUPAKIWA NTA NA KUTOZWA FEDHA ZA SERAMIKI

Jumamosi ya tarehe 1 Machi niliwaletea Toyota Rumion yangu nyeusi, mkaipokea saa nne asubuhi. Nililipa shilingi 480,000 za kupiga seramiki, ile dawa ya maji inayoganda juu ya rangi ikawa tabaka gumu la kuilinda. Nikapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, maana ya mashine niliambiwa mtandao uko chini, pamoja na kadi ya dhamana ya miaka mitatu. Saa saba na nusu mchana nikakabidhiwa ufunguo. Gari lilikuwa linang'aa, siwezi kukana, unajiona hadi meno.

Juzi mvua ilinikuta kwenye foleni ya kivuko cha Magogoni. Maji yalitanda boneti nzima kama yanavyotanda kwenye meza ya mama lishe, hakuna tone lililosimama, wakati juu ya seramiki maji husimama matonematone yakateleza. Hiyo ni wiki ya sita tu ya miaka mitatu mliyoniandikia.

Lakini shaka iliniingia mapema zaidi. Siku ya tatu niliona ungaunga mweupe kwenye plastiki nyeusi ya bampa na pembeni mwa mipira ya vioo. Aliyewahi kupaka nta ya kopo anaujua ule weupe: ni nta iliyogusa plastiki isiyopakwa rangi ikakaukia hapo. Seramiki haiachi unga. Ikisahaulika mahali bila kufutwa, huganda ikawa doa la mafutamafuta, gumu, na kulitoa ni mpaka polishi. Mimi weupe wenu niliutoa kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Ndipo nikakumbuka kwamba fundi wenu alikuwa anachota kitu cha manjano kama samli, chenye harufu ya nazi, na anakipaka juani, boneti ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika.

Tena muda wenyewe unawasuta. Kabla ya seramiki, gari huoshwa, rangi ikapitishwa udongo maalumu wa kunasa chembe za chuma na lami, mikwaruzo ikaondolewa kwa mashine, kisha mafuta ya polishi yakafutwa kwa spiriti ili seramiki ishike kwenye rangi yenyewe. Baada ya hapo gari hukaa pakavu, kivulini, walau usiku mmoja, na mwenye gari huambiwa asiguse sabuni kwa takriban wiki nzima. Mimi niliambiwa, "Bosi, hata kesho osha tu." Kazi yote hiyo haiishi kwa saa tatu na nusu, labda mwe malaika.

Mikwaruzo ya duara aliyonikwaruzia kijana wa kuosha kwa matambara mwaka jana ilipotea siku ile, nikafurahi. Sasa imerudi yote, na usiku chini ya taa ya barabarani utadhani buibui wametanda wavu mlangoni. Yaani haikuondolewa, ilijazwa nta. Nta ilipoisha, mikwaruzo ikachungulia.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na nta. Nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi huko kaskazini mashariki mwa Brazili, huipa rangi nyeusi kina ambacho hata seramiki ya bei haikifikii kwa macho yangu. Ni rahisi, unaipaka mwenyewe kivulini siku ya mapumziko. Ila haidumu. Ikibahatika hufika miezi miwili au mitatu, na kwa jua letu na upepo wa chumvi wa Kigamboni, hata huko haifiki. Wapo pia wanaotumia silanti za polima, yaani vipakwa vya kulinda rangi vinavyotengenezwa kiwandani badala ya nta ya mti, ambazo mng'ao wake ni mkavu kidogo lakini hukaribia nusu mwaka. Gari langu linalala nje, chini ya mkungu, na kunguru wa Dar hawana adabu. Mngenishauri silanti, ningewashukuru na fedha ingebaki mfukoni. Huo ndio ushauri niliokuja kuutafuta kwenu.

Tarehe 8 Aprili nilirudi. Kijana wa mapokezi akauliza nimeoshea nini. Nilisema kweli: mara moja nyumbani lilioshwa kwa sabuni ya unga. Akacheka, akasema dhamana imekufa. Kosa hilo nalikubali, sabuni ya unga si ya gari. Lakini inayoondoka kwa sabuni ya unga ni nta. Seramiki iliyoshika haing'oki kwa ndoo moja ya povu. Kijana huyo kwa majibu yake amenisaidia kuthibitisha ninachodai.

Na mkome kuwaambia watu kwamba "9H" maana yake hata msumari haukwaruzi. Hicho ni kipimo cha ugumu wa penseli. Msumari utakwaruza, na mtoto wa jirani ameshathibitisha.

Doa la kinyesi cha kunguru lililobaki juu ya paa siwadai. Kikikaa juani mchana kutwa, hata seramiki halisi ingesaidia kidogo tu.

Ninachodai ni hiki. Kwenye ubao wenu wa bei, nta ni shilingi 40,000. Hiyo ni halali yenu, chukueni. Nirudishieni 440,000. Kurudia kazi sitaki. Gari lilitoka Japani likiwa limetumika, sijui rangi yake imeshasuguliwa mara ngapi, na hapo kwenu sikuona kifaa cha kupima unene wa rangi kabla ya kuwasha mashine.

Nasubiri siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mteja. Ile risiti ya mkono nitaiambatanisha pia, na TRA, watu wa kodi, watakuwa na swali lao kuhusu mtandao uliokuwa chini.

Picha za bampa, za siku ya tatu, na za boneti, za siku ya mvua, zimo ndani ya bahasha.

Mteja wenu,
mwenye Rumion nyeusi