Saa moja ya Jumamosi, na solo ninayoiomba

Kwako Mudi,

Habari za Nungwi? Sisi huku Tanga wazima, ila mvua imetuchosha. Mama anakusalimu sana, na anauliza lile sufuria lake litarudi lini. Shangazi yako nilimkuta Ngamiani, mzima wa afya, analalamika kwamba simu yako hukatika kila akifika kwenye neno pesa. Hayo mtayamaliza wenyewe.

Nina shida na wewe. Pale redioni wamenipa saa moja, Jumamosi usiku, niijaze nitakavyo. Wenzangu walidhani nitaweka zilipendwa. Nimesema hapana, naweka roki ya glamu, ile ya Los Angeles ya miaka ya 80, wanaume wenye nywele kuliko dada zao na suruali za kubana hadi unawaonea huruma. Na sianzi na wale wakubwa ambao kila mtu anawajua. Naanza na bendi ya Autograph, na wimbo wao "Turn Up the Radio".

Najua umeshacheka. Kibanda cha gemu cha kwa Babu Chogo, gemu la Vice City, wewe unaendesha gari la wizi mimi nakulilia usibadilishe stesheni ya redio ya mle garini, tubaki V-Rock hadi wimbo uishe. Gemu limetoka 2002, hadithi yake imewekwa 1986, na sisi tulidhani ule wimbo umetungwa kwa ajili ya kukimbiza polisi! Kumbe ulikuwa na maisha yake tangu 1984, kwenye albamu yao ya kwanza, Sign In Please.

Mkuu wetu wa vipindi kausikiliza kidogo tu, akauliza hawa wanaume wanamlilia nani. Nikamwambia, mkuu, wimbo wenyewe unamwomba msikilizaji aongeze sauti ya redio, wewe una redio, unataka nini tena? Hakujibu. Hakukataa pia, kwa hiyo mimi nahesabu amekubali.

Sasa nikuambie nilichokisoma, maana kimenikaa rohoni. Hao jamaa walikuwa watano, na watatu wote wanaitwa Steve: Steve Plunkett mwimbaji, Steve Lynch wa gitaa la solo, Steven Isham wa kinanda. Besi Randy Rand, dramu Keni Richards. Keni alikuwa akifanya mazoezi ya kukimbia na David Lee Roth, mwimbaji wa bendi kubwa ya Van Halen. Roth akausikia muziki wao, na ghafla vijana wasio na mkataba wala kanda dukani wanawafungulia Van Halen kwenye ziara ya 1984, mbele ya kumbi zilizojaa. Kampuni ya kurekodi ya RCA ikawasainisha ndipo. Yaani wengine wanahangaika na mameneja miaka, huyu kavaa raba kaenda kukimbia!

Wimbo ukafika nafasi ya 29 kwenye chati ya Billboard. Albamu nayo, 29. Na hapo ndipo palikuwa kilele. Wakatoa That's the Stuff 1985, wakatoa Loud and Clear 1987, nimezisikiliza zote mbili, kuna nyimbo nzuri mle, naapa, lakini nani anazitaja? 1989 wakatawanyika. Plunkett baadaye akaimba wimbo wa kufungulia 7th Heaven, ile tamthilia ya familia ya mchungaji. Kutoka suruali za ngozi hadi nyumbani kwa mchungaji, mwanangu.

Ndiyo maana nimekukumbuka wewe. Wewe unapiga "Jambo Bwana" kila usiku hapo hotelini, mgeni hajakaa vizuri kwenye kiti ameshauomba. Them Mushrooms wa Mombasa waliurekodi 1982, na kazi nyingine zote walizofanya, mgeni hazijui wala hana haja nazo. Siku ile kwenye boti uliniambia wimbo wa namna hiyo ni gereza. Mimi sikubali. Sikubali kabisa, ila nikijaribu kueleza kwa nini, nakwama... Fikiria: watatu katika wale watano wameshatangulia. Isham 2008, Keni aliuawa 2017, Randy 2022. Na bado wimbo ukianza, kuna mtu mahali anapeleka mkono kwenye kitufe cha sauti. Gereza gani hilo? Lakini Plunkett akipita dukani anaulizwa huo huo tu, najua utasema hivyo.

Basi, ombi langu lenyewe. Solo ya Lynch. Yule bwana alikuwa hakwanyui kwa kawaida. Mkono wa kulia unahama, unaenda kwenye shingo ya gitaa na wenyewe, vidole vya mikono yote miwili vinagonga nyuzi, noti zinamwagika kama ufuta. Jarida la Guitar Player liliitangaza solo hiyo kuwa bora ya mwaka 1985, na watu walidhani mambo ya mikono miwili ni ya Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa Van Halen, peke yake. Mimi nikieleza kwa mdomo, msikilizaji wa Pongwe hataelewa kitu. Nataka unirekodie kwa simu: kwanza piga kawaida, halafu piga kwa kugonga, polepole, na utamke unachofanya kwa Kiswahili cha kwenu barazani. Dakika mbili zinatosha. Usianze na hadithi zako za Stone Town.

Malipo sina. Nitakutaja hewani jina lako kamili, shangazi asikie.

Utaweza kabla ya Alhamisi? Lile gitaa la umeme bado lipo, au kweli ulimuuzia yule mpiga besi mwenye deni? Na je, hapo hotelini wakikuruhusu upige mmoja tu wa kwako, usiofahamika, ungepiga upi? Ule wa Pangani uliumaliza? Na sufuria, Mudi, nimwambie nini mama?

Wako,
Chande