Ndolo hakubwagwa, Mhariri

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Gazeti lenu nalisoma kila siku ingawa silinunui kila siku. Jirani yangu wa kibanda cha M-Pesa hulinunua, na akishamaliza kurasa za kandanda hunipa.

Jumatatu iliyopita niliona, chini kabisa ya ukurasa wa michezo, mistari minne kuhusu Alexandra Ndolo, mchezaji wetu kwenye Olimpiki ya 2024. Kwamba "alibwagwa mapema" huko Paris katika "mchezo wa kupigana panga", ule ambao Waingereza huuita fencing. Basi, yakaisha hapo. Nafasi iliyobaki mkaipa riadha, ambayo siku hiyo ilikuwa hata haijaanza.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Eastlands, Nairobi, na mchezo huu niliujulia kwenye cherehani. Binti yangu akiwa darasa la saba alikuja nyumbani na jaketi jeupe, gumu kama turubai, limefumuka kwapani. Akasema ni la klabu, na kocha anauliza kama naweza kulishona. Lilikuwa la mtumba kutoka Ulaya. Nilipoligeuza nje ndani nikaona mkono wa kulia una kitambaa mara mbili, kutoka begani hadi kwenye kiwiko na kushuka ubavuni, ilhali wa kushoto una kimoja tu. Nikasema fundi aliyelishona alikuwa amelewa. Nikaking'oa kile cha ndani, nikasawazisha pande zote mbili, nikapiga pasi. Kocha alilirudisha jioni hiyo hiyo. Kwa adabu zote akanieleza kwamba mkono wa kulia ndio unaoshika silaha, kwa hiyo ndio ulio karibu na ncha ya mpinzani. Nikashona upya bila malipo. Nimeshatengeneza majaketi zaidi ya ishirini tangu hapo, moja la mtoto wa mkono wa shoto, na sing'oi kitu bila kuuliza.

Kuhusu jina. Panga ni la kufyekea nyasi, na huku kwetu neno hilo lina maana nyingine ambayo hakuna mzazi anayetaka ihusishwe na mtoto wake. Binti yangu amewahi kuteremshwa kwenye matatu kwa sababu ya ule mfuko mrefu wanaobebea silaha zao. Kiswahili kina neno kitara, na mchezo huu ni mchezo wa vitara. Najua kitara cha asili kimepinda na hicho cha Ndolo kimenyooka kama shazia, lakini heri hilo kuliko panga.

Sasa hilo la "kubwagwa". Jumamosi, Julai 27, katika ukumbi wa Grand Palais, Ndolo alishindwa na Olena Kryvytska wa Ukraine kwa pointi 13 kwa 12. Jioni ya siku hiyo, ukumbi huo huo, fainali ya wanawake ikamalizika Vivian Kong wa Hong Kong akimshinda Mfaransa Auriane Mallo-Breton. Kwa ngapi? 13 kwa 12. Kong alikuwa nyuma 1-7 kabla ya kuinuka. Sijasikia mtu akisema Mfaransa amebwagwa. Yeye alipewa medali ya fedha, nao umati wa nyumbani kwao ukamshangilia. Matokeo ni yale yale, Mhariri, ila wetu ndiye aliyeandikiwa neno la mieleka.

Labda mwandishi wako haujui mchezo, na simlaumu, hata mimi niling'oa kitambaa. Silaha ya Ndolo inaitwa epe. Kuna nyingine mbili, foili na seba, zenye sheria zao za nani alianza kushambulia. Kwenye epe hakuna hayo. Popote ncha itakapomgusa mwenzako, kuanzia barakoa hadi kidole cha mguu, ni pointi. Mkigusana kwa pamoja, tofauti ikiwa chini ya sehemu ya 25 ya sekunde, kila mmoja anapata yake. Ncha ina kitufe ambacho hakiwashi taa ya kuonyesha pointi mpaka kibonyezwe kwa uzito wa gramu 750, yaani robo tatu ya kilo, na kutoka hapo kuna waya unaopita ndani ya mkono wa jaketi na kutokea nyuma kiunoni. (Waya huo umeshanivunjia sindano mbili, mtoto akisahau kuutoa.) Kwa hiyo ni mchezo wa kuviziana. Watu wawili wanasogeleana na kurudi nyuma kwenye njia ya mita 14, dakika nzima inaweza kupita bila taa kuwaka, halafu jambo linaamuliwa kwa kufumba na kufumbua. Anayeongoza kwa pointi moja anatamani mgusane pamoja tu hadi muda uishe.

Na Ndolo pointi hiyo moja anaijua vizuri. Julai 2022 alifika fainali ya ubingwa wa dunia mjini Cairo, akapoteza kwa Song Se-ra wa Korea Kusini, 11-10. Wakati huo alikuwa akiichezea Ujerumani, alikozaliwa mwaka 1986 katika mji wa Bayreuth, baba Mkenya, mama Mpolandi. Alianzia kwenye pentatholoni, ambamo vitara ni kimoja tu kati ya michezo mitano, ndipo akaamua kubaki na hicho kimoja. Kabla ya Cairo alikuwa na medali za Ulaya: fedha ya Tbilisi 2017 na shaba ya Düsseldorf 2019.

Mtu wa pili duniani angeweza kukaa alipo. Yeye mwaka ule ule wa fedha ya Cairo akahamia timu ya Kenya, nchi ambayo hata chama cha mchezo huo yeye mwenyewe alishiriki kukianzisha. Akafuzu kupitia mchujo wa Afrika, na akiwa na miaka 37 akawa Mkenya wa kwanza kucheza vitara kwenye Olimpiki. Nimewasikia wateja wangu wakisema huyu ni Mjerumani tu. Nawajibu kwamba wanaohama kutoka kwetu kwenda kukimbilia nchi zenye pesa tumewazoea, nao hatuwaulizi. Huyu amekuja akielekea upande ambao hakuna foleni.

Ombi langu ni dogo. Jumamosi hii watoto wa klabu wana mashindano yao kwenye ukumbi wa mtaa, kuanzia saa tatu asubuhi. Mtumeni mwandishi, yule yule wa mistari minne akipenda. Aje kabla ya saa tano, maana mashine ya taa ni moja na stima zetu mnazijua. Kocha yuko tayari kumpa barakoa na epe asimame mbele ya binti yangu dakika tatu, aandike atakachokiona. Jaketi la mtu mzima ninalo hapa dukani, zipu nimeimaliza jana.

Fundi wa nguo,
Eastlands, Nairobi