Picha za kuta za Mji wa Kale zitajwe saa

Mhariri,

Mjadala kuhusu hali ya kuta na milango ya nakshi ya Mji wa Kale wa Mombasa umeegemea mno picha, na wengi wetu tunatoa hukumu bila kuzingatia jinsi mwangaza unavyoyahadaa macho. Jicho haligusi ukuta; hukisia ukwaruzi au ulaini wake kutokana na vivuli vidogo vinavyoingia katika matundu na matuta yake.

Chukua ukuta wa Fort Jesus unaotazama bahari. Saa moja asubuhi jua huupiga usoni, vivuli hutoweka, na mawe ya matumbawe yaliyokaa hapo tangu mwisho wa karne ya 16 huonekana kana kwamba yamepigwa plasta juzi. Ifikapo saa tano, jua likiwa limekaribia utosini kama ilivyo desturi ya huku kwetu karibu na Ikweta, nuru huteremka sambamba na ukuta uleule na kila tundu hujitokeza. Wapiga picha, kwa bahati mbaya, huipenda asubuhi. Mafundi wa plasta hawadanganyiki hivyo, kwani wakitaka kukagua kazi huishika taa ubavuni mwa ukuta.

Chokaa nayo ina hila yake. Uso mweupe hurudisha nuru nyingi, na sehemu ya nuru hiyo huingia matunduni na kufifisha vivuli, kwa hiyo ukuta uliopakwa chokaa huonekana laini kuliko ulio na rangi ya kijivu, hata kama ukwaruzi wao ni mmoja. Anayedai kwamba nakshi au mawe "yamesawazishwa" baada ya kupakwa rangi angefaa kwanza kupitisha kiganja.

Wala weusi wa doa si ushahidi tosha. Mwaka 1995 Edward Adelson, mtafiti wa uoni wa Marekani, alichora ubao wa miraba ambamo mraba ulio kivulini na mwingine ulio nuruni una kijivu kilekile, lakini ule wa kivulini huonekana mweupe zaidi, kwa sababu akili hukifidia kivuli. Vivyo hivyo, geuza picha ya mlango wa nakshi juu chini: maua yaliyochomoza aghalabu yataonekana yamezama, maana tumezoea nuru itokayo juu.

Naomba, Mhariri, kila picha ya ukuta au mlango mnayoichapisha itajwe saa iliyopigwa na upande uliotoka mwanga, na pale palipo na ubishi zichapishwe mbili, ya asubuhi na ya karibu na adhuhuri.

Msomaji wako,
Kibokoni, Mombasa