Mama, mwambie Ami Bakari

Columbus, Ohio

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakubusu mikono. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Baridi ipo, na kazi ya usiku naendelea nayo. Hayo hayana hadithi.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza na kuirudia. Habari ya harusi ya Hamisi nimeielewa, ya ukumbi na ya mapambo pia. Jibu la pesa nitalitoa huko chini. Kwanza nina neno na lile ulilolitaja juu juu, ati Ami Bakari kasema barazani, mbele ya watu, kwamba nimevuka bahari kwenda kupima mikojo ya Wazungu, na lau ningekuwa na akili ningesomea udaktari.

Limeniuma, Mama. Limeniuma zaidi kwa kuwa Ami ndiye aliyekesha nasi hospitali ya Coast General usiku ule Mwanakombo wa dada Saumu alipoishiwa damu. Akumbuke vizuri. Daktari aliandika karatasi yake akaenda zake, nasi tukabaki kwenye lile benchi tukingoja. Tuliyekuwa tukimngoja ni mtu wa maabara. Yeye ndiye aliyepima kundi la damu la mtoto, akatafuta mfuko unaolingana, akachanganya maji ya damu ya mtoto na chembe nyekundu za aliyetoa, akatazama kama zitashikamana. Zikishikamana, damu ile yaweza kuua. Makundi hayo yaligunduliwa na Karl Landsteiner kule Vienna mwaka 1901. Kabla ya hapo kumwongeza mtu damu kulikuwa kubahatisha. Mpaka leo Ami anamwombea dua daktari wa usiku ule, na kijana wa maabara hakuna aliyemuuliza hata jina. Basi mimi nasomea kazi ya kijana yule, na sioni haya.

Ukiulizwa, jibu hivi. Kozi ni ya miaka miwili, katika chuo cha jamii, ambacho ni chuo cha umma chenye karo nafuu kuliko vyuo vikuu vya hapa. Tunasoma damu, benki ya damu, kemia ya mwili, vijidudu, na mkojo pia, ndiyo, kwa sababu mkojo unatoboa siri ya sukari na ya figo kabla mgonjwa mwenyewe hajajua. Kisha tunapelekwa hospitalini kufanya mazoezi, na mwisho kuna mtihani wa bodi ya ASCP, inayotoa vyeti kwa watu wa maabara wa huku: maswali 100 kwa saa 2 na nusu, kwenye kompyuta ambayo kila ukijibu sawa inakuletea swali gumu zaidi. Alama ya kupita ni 400, kwa mizani yao wenyewe ya alama, si kwa idadi ya maswali. Nitapita, inshallah, na zitabaki za ziada.

Na darasani, Mama, mwanao anajulikana. Huku Marekani malaria ilitokomezwa mwaka 1951, kwa hiyo wenzangu wengi wanaijua vitabuni tu. Mwalimu alituwekea slaidi bila kutwambia ni ya nini, hadubini ikikuza mara 1,000. Wenzangu wakawa wanabishana juu ya madoa ya rangi. Mimi nikaviona vile vipete vyembamba, viwili ndani ya chembe moja, vimejibana ukingoni. Nikasogeza slaidi kidogo, nikakuta na kile chenye umbo la ndizi. Nikasema, hii ni malaria, na ni falsiparamu, ile aina kali. Mwalimu aliwaita wote waje watazame kwenye hadubini yangu, kisha akanitaka mimi nieleze. Niliwaeleza mpaka habari za masika ya kwetu Kisauni, watoto wanavyolala na homa nyumba hii na ile. Somo la damu nilishika nafasi ya kwanza. Hilo nalo Ami aambiwe palepale barazani.

Lakini lililonitoa machozi ni somo la selimundu, maradhi ya Mwanakombo, ya kurithi, yanayozipinda chembe nyekundu za damu kama mundu. Mwalimu alitusimulia habari za Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alizunguka nchini akipima watu damu, akakuta wanaobeba selimundu ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza sababu: aliyerithi kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana hali hiyo imedumu pale mbu walipo. Pwani yetu, Mama, inasomeshwa Ohio, na nje theluji inaanguka! Nikainua mkono nikasema, hapo ndipo kwetu.

Sasa msikilize mwanao. Mtoto haugui maradhi yale mpaka arithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Kwa hiyo mama mkwe wa dada Saumu aache kusema kwamba damu mbaya imeletwa na ukoo wetu. Shemeji Omari naye anabeba, hata kama hajawahi kuumwa siku moja. Wazazi wawili wanaobeba wakikutana, kila mimba ina uwezekano wa robo kwamba mtoto ataugua. Si jicho, si jini, wala si kosa la Saumu, maskini, aliyelizwa miaka yote hii kwa jambo ambalo kipimo cha damu kidogo kingelimaliza siku moja. Mimi nimepimwa huku na nimekutwa nabeba. Hamisi ni ndugu yetu wa tumbo moja; huenda naye anabeba, na mchumba wake hatujui.

Ndiyo nakuja kwenye pesa. Natuma shilingi 40,000, zinaingia kwenye simu ya Saumu, si ya Ami. Za kwanza kutoka humo ni za kumpima Hamisi na mchumba wake, kabla ya nikaha. Sisemi wasioane. Wapimwe wajue, kisha waamue wenyewe. Zinazobaki ni za mchele na mbuzi. Za ukumbi sina, Mama, kwa sababu ada ya mtihani iko mbele yangu. Uwanja wa nyumba unatosha, turubai na viti ni vya kukodi, na pilau ya Bi Zuhura haijawahi kushindwa na ya hoteli yoyote. Nyinyi mkiketi kula cha mchana Ijumaa, huku bado alfajiri na mimi ndiyo kwanza natoka kazini. Huwaza sinia limewekwa kati na mahali pangu kakaa nani.

Na kiwanja cha Mtopanga kisiuzwe kwa ajili ya mapambo ya siku moja. Marehemu Baba hakukiacha kwa hilo. Kwa mirathi yetu, Ami hana fungu pale maadamu Hamisi, mtoto wa kiume wa marehemu, yupo. Akibisha, Kadhi yuko, aende akamuulize.

Mwanakombo asikose kliniki, na anywe maji kwa wingi, hasa joto la Januari likianza. Kadi za mwaliko zisichapishwe mpaka majibu ya kipimo yatoke. Saumu ayapige picha anitumie, nitayasoma mwenyewe.

Nitapiga simu Jumapili baada ya Isha yenu. Ami akiwapo, mpe simu nizungumze naye.

Mwanao akupendaye,
Mwanajuma