Ziara ya nyumbani isigeuzwe ukaguzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie huduma ya kuwatembelea nyumbani wazazi wenye watoto wadogo, kazi niliyoifanya kwa miaka kadhaa na ambayo, kwa maoni yangu, inaharibiwa na daftari.

Mhudumu akipangiwa kaya nyingi kuliko uwezo wake, na msimamizi akimdai idadi ya nyumba alizofika badala ya alichokifanya humo, hana budi kuishia mlangoni, kuuliza chanjo na uzito, kujaza fomu na kuaga. Mzazi naye hujiona amekaguliwa, na safari ya pili huenda akaficha hata ugonjwa wa mtoto kwa kuogopa lawama.

Faida ya ziara hupatikana mkiketi. Mjini Kingston, nchini Jamaika, mwaka 1986 na 1987 watafiti waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa kila wiki kwa miaka 2 na wahudumu wa afya ya jamii, ambao waliwaelekeza mama zao namna ya kucheza na kuzungumza nao kwa vichezeo vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye kipato chao kilizidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao wasiotembelewa hivyo, ilhali lishe ya ziada peke yake haikuleta tofauti hiyo.

Namkumbuka mama aliyeniambia kwamba mwanawe wa miezi 10 "bado hajui kitu". Sikubishana naye. Nilimpa chupa tupu ya plastiki yenye vizibo vitatu ndani (mfuniko nilikuwa nimeukaza sana, maana vitu vidogo humkaba mtoto), nikamwomba aitikise yeye mwenyewe, kisha aifiche mgongoni. Mtoto aliinama, akachungulia ubavuni mwa mama yake, akaifuata. Mama aliangua kicheko, akarudia mara nne bila kuambiwa. Fomu yangu ilibaki nusu siku hiyo, nami nikakemewa.

Nawaomba wanaoipangia huduma hii bajeti wampunguzie mhudumu idadi ya kaya, wahakikishe ni yuleyule anayerudi nyumba ileile, na msimamizi afuatane naye mara kwa mara ili ajionee ni nani anayeshika kichezeo, mhudumu au mzazi.

Mhudumu mstaafu wa afya ya jamii