Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ahadi ya Mtoto Iandikwe

Ndugu wanachama wenzangu,

Habari za fedha atawasomea mhazini. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima sisi wasaidizi wa kisheria: mtoto anaposimama kizimbani kama shahidi katika kesi ya jinai.

Hadi 2016 hakimu alilazimika kwanza kumhoji mtoto wa miaka 14 au chini yake, apime kama ana akili ya kutosha na kama anajua maana ya kiapo. Kesi nyingi zilikwama hapo. Sheria Na. 4 ya mwaka huo ikaibadili Sheria ya Ushahidi ya Tanzania: mtoto aweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kabla hajaanza sharti aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Wengi tulishusha pumzi mapema mno. Katika Rufaa ya Jinai Na. 168 ya 2018, iliyosikilizwa Bukoba, Mahakama ya Rufani iliuondoa ushahidi wa mtoto kwa sababu ahadi hiyo haikuonekana kwenye kumbukumbu. Ikaelekeza maswali mepesi: ana umri gani, ni wa dini gani, anaelewa kiapo, anaahidi kusema kweli? Tangu hapo Mahakama imelegeza kidogo pale inaporidhika kwamba mtoto alisema kweli, lakini tusiiache kesi itegemee huruma hiyo.

Mwaka huu nilikaa benchi la nyuma katika kesi moja ya kujeruhi. Shahidi alikuwa binti wa darasa la tatu, amevaa sare, vidole vinasokota pindo la sketi. Akaulizwa kama atasema ukweli. Akaitikia kwa kichwa. Hakimu, anayeandika kila neno kwa mkono wake, akaendelea na swali lililofuata. Nilipopata nakala ya mwenendo wa kesi, mstari wa ahadi haukuwamo. Shauri liko rufaa, kwa hiyo naishia hapo, ila usiku ule sikulala vizuri.

Ndiyo maana tumewazungukia wazazi kuwaambia: mzoezeni mtoto kujibu kwa sauti. Hilo tu. Atakayemkaririsha mtoto la kusema anaiua kesi, na anaweza kumfunga asiye na hatia. Katika makosa ya kujamiiana sheria inaruhusu mshtakiwa kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mahakama ikiridhika anasema kweli. Uzito huo hauchezewi. Tuwaeleze pia kina mama kwamba aliyeona ndiye aseme alichoona. Maneno ya jirani ayalete jirani mwenyewe.

Naomba kila tawi liteue mtu mmoja wa kumsindikiza mtoto hadi mlangoni mwa mahakama na kumkumbusha mwendesha mashtaka, kwa adabu, kuhusu ahadi hiyo. Majina yanifikie kabla ya kikao cha kamati tendaji.

Wenu,
Mwenyekiti