Risala ya Washiriki wa Mafunzo ya Uchakataji wa Polima kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu wa hapa nyumbani na mliotoka Ujerumani,
Wamiliki wa viwanda na karakana,
Wazazi, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutufungia mafunzo. Karibu sana Tanga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mbele yako wapo wanafunzi wa uhandisi, mafundi wa karakana, na akina mama na vijana wanaoishi kwa kukusanya na kusaga plastiki. Wote tumekaa darasa moja na kushika mashine moja. Mafunzo haya yamezaliwa na ushirikiano wa utafiti kati ya chuo chetu na chuo kikuu kimoja cha Ujerumani. Wenzetu walileta vipimo na uzoefu wa miaka mingi. Sisi tulikuwa na malighafi, maswali, na mafundi wanaojua mashine yao ikilalamika kabla taa nyekundu haijawaka.

Turuhusu tueleze jambo moja kwa kirefu, maana ndilo lililotufungua macho. Chupa za maji ya kunywa zikisagwa, zikaoshwa, zikaanikwa juani na kuyeyushwa, mara nyingi bidhaa hutoka inang'aa lakini ukiikunja inakatika. Lawama huangukia chupa, kwamba taka ni taka tu. Kumbe sababu ni maji. Plastiki ya chupa huyeyuka karibu na nyuzijoto 250 za Selsiasi, na katika joto hilo unyevu kidogo uliojificha ndani ya chenga hukata vipande vipande minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu zinazoijenga plastiki. Chenga zinatakiwa zikaushwe kwa saa kadhaa kwenye nyuzijoto kama 160, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 0.02.

Wageni wetu walikuja na utaratibu huo ukiwa umeandikwa vizuri. Ndipo fundi wetu mmoja akauliza: hewa ya kukaushia tunaitoa wapi? Kikaushio chetu kilikuwa kinavuta hewa ya nje na kuipasha moto, na hewa ya nje hapa pwani imejaa unyevu wa bahari. Swali lile lilipangua ratiba yote. Hewa ikapitishwa kwanza kwenye chembe za kunyonya unyevu, ndipo ikaingia kwenye chenga. Ukanda uliotoka kwenye mashine siku iliyofuata ulikunjwa na kukunjuliwa, ukazungushwa mkono kwa mkono, haukukatika. Ushirikiano wa namna hiyo ndio tunaousifu leo kwa moyo wote, kwa sababu kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hana.

Mheshimiwa, mkoa huu ni wa mkonge. Uliingizwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche yote aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai. Leo utafiti wetu wa pamoja unachanganya singa za mkonge na polipropilini ya ndoo na viti vilivyovunjika. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzijoto 165, ilhali singa huanza kuharibika joto likikaribia 200, kwa hiyo ipo nafasi ya kufanyia kazi, ingawa ni finyu. Kazi kubwa ni kuzifanya zishikane, kwani singa hupenda maji na plastiki huyakataa. Tumejifunza kuosha singa kwa kostiki soda na kuongeza kiungo cha kuzishikanisha. Vipande vya majaribio viko pale mezani. Tunaomba baada ya risala hii uvishike kwa mkono wako.

Pamoja na mafanikio hayo, lipo linalotuuma. Vipimo vingi vya utafiti huu bado vinafanyika ng'ambo. Chukua kipimo cha wepesi wa plastiki kutiririka: chenga za polipropilini zinayeyushwa kwenye nyuzijoto 230, unawekwa juu yake uzito wa kilo 2.16, kisha unapimwa uzito wa kinachopita kwenye tundu dogo kwa dakika 10. Ni kipimo cha msingi kabisa. Lakini kwa kuwa kifaa hatuna, sampuli hupanda ndege, na majibu yakirudi mzigo uliopimwa umeshakuwa ndoo na umeshauzwa. Mtafiti wa hapa akibaki kuwa mpeleka sampuli, hajafundishwa utafiti.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kupata kifaa hicho na kikaushio cha hewa kavu, pamoja na fungu la vipuri na matengenezo, kwa sababu mashine za misaada hufa kwa kukosa kifaa kidogo. Tunaomba pia nafasi za kwenda nje ziwafikie mafundi, si wahadhiri peke yao. Umeme ukikatika kazi ikiendelea, plastiki inaungulia ndani ya pipa la mashine, na anayelisafisha ni fundi. Na matokeo ya utafiti yakichapishwa, majina ya watafiti wa hapa yawemo na takwimu zibaki chuoni.

Kwa wenye viwanda mliopo, tunawaomba mtuletee matatizo yenu. Huko Aachen, Ujerumani, taasisi ya uchakataji wa plastiki iitwayo IKV ilianzishwa mwaka 1950, na hadi leo wanaviwanda na wanataaluma huilea pamoja. Nasi hatuanzi peke yetu. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa fani hii kilichoanzishwa Akron, Marekani, mwaka 1985, kilifanya mkutano wake Marrakech, Moroko, mwaka 2011. Tungependa siku moja watafiti wa chuo hiki wasimame kwenye mkutano wa aina hiyo wakieleza habari za mkonge wa Tanga.

Wakufunzi wetu, asanteni kwa uvumilivu wenu. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.